Wiki ya 38, tumbo linakaza na kuachia: nitajuaje kuwa uchungu wenyewe umefika?

Nyota38
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada, hasa kwa wakunga na manesi mliomo humu. Mimba ni ya kwanza, wiki ya 38 na siku mbili. Kwa siku nne sasa tumbo linakaza, linakuwa gumu kama mpira, kisha linaachia. Mara nyingi ni jioni, na halina mpangilio: mara dakika 8, mara 25, kisha kimya mpaka kesho yake. Leo asubuhi nimeona ute mzito wenye michirizi ya rangi ya waridi. Kiuno kinauma kwa chini na haja ndogo hainipi nafasi. Mtoto anacheza kama kawaida.

Je, huo ute ndio uchungu umeanza? Mikazo inahesabiwaje? Nitatofautishaje chupa kupasuka na mkojo kuchuruzika? Na je, ni kweli mtoto hutulia tumboni akikaribia kuzaliwa? Kliniki nimeambiwa "ukiona dalili uje", sasa dalili zenyewe ndizo nimezijaza daftari.

MkungaZamu
Hongera dada kwa kufika wiki hiyo. Tuanze na kuzigawa hizo dalili zako, maana watu huzichanganya zote kwenye kapu moja halafu wanakimbia leba mara tatu kwa wiki. Kuna dalili za siku na kuna dalili za saa. Za siku zinakwambia mwili unajiandaa, uchungu unaweza kuja kesho au baada ya wiki mbili. Za saa zinakwambia beba begi.

Ulizotaja ni za siku. Kichwa cha mtoto kikishuka kwenye nyonga, tumbo la juu linapungua, unapumua vizuri na kiungulia kinapoa, lakini kibofu kinabanwa ndiyo maana hutoki chooni. Kwa mimba ya kwanza mtoto hushuka wiki 2 hadi 4 kabla ya kujifungua. Kwa aliyekwisha kuzaa anaweza asishuke kabisa mpaka uchungu uanze, kwa hiyo asiye na dalili hii asidhani yuko mbali. Kiuno na nyonga kuuma, kuharisha kidogo, uzito kusimama au kupungua nusu kilo hadi kilo moja, vyote viko humo humo.

Huo ute ni kizibo kilichokaa kwenye shingo ya kizazi muda wote wa mimba kuzuia vijidudu visipande. Shingo inapoanza kulainika na kuwa nyembamba, kizibo kinaachia na vimishipa vidogo vya damu vinachanika, ndipo unaona waridi au kahawia. Unaweza kutoka wote kwa mara moja au kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Uchungu unaweza kufuata ndani ya saa chache au usionekane kwa wiki nzima na zaidi. Kuupiga picha na kuukagua kila saa hakusaidii chochote. Angalia mambo mawili tu: uwe ute wenye damu, siyo damu yenye ute, na mimba iwe imetimiza wiki 37. Chini ya wiki 37 ute wa namna hiyo ukiambatana na tumbo kukaza ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Halafu kama umepimwa njia au umekutana na mwenza wako siku moja au mbili nyuma, matone ya kahawia yanaweza kutoka huko, siyo kwenye kizibo.

Sasa mikazo. Uchungu wa kweli haujulikani kwa ukali wa mkazo mmoja. Kuna mikazo ya uongo inayouma vizuri tu, na kuna uchungu wa kweli unaoanza kama maumivu ya hedhi. Kinachoamua ni mwelekeo: ndani ya saa moja au mbili, je, mikazo inakaribiana, inarefuka na inaongezeka nguvu? Mambo hayo matatu yakienda pamoja, ni uchungu. Likikosekana moja, subiri uangalie tena.

Kabla ya kuhesabu, fanya jaribio. Kojoa, kunywa glasi mbili za maji, ulale kwa ubavu wa kushoto kwa saa moja. Ikiwa ulikuwa umelala, inuka utembee taratibu. Mikazo ya uongo huchokozwa na kibofu kilichojaa, upungufu wa maji mwilini na uchovu wa siku nzima (ndiyo maana yako inakuja jioni), kwa hiyo ukiondoa sababu nayo hupoa. Uchungu wa kweli haujali umekaa, umelala au umeoga.

Kupima nguvu yake, weka ncha za vidole juu ya tumbo, karibu na kifua, wakati limekaza. Likibonyea kama ncha ya pua, mkazo ni hafifu. Kama kidevu, ni wa kati. Kama paji la uso, yaani halibonyei, ni mkali. Na kama unaweza kuendelea kusimulia hadithi katikati ya mkazo bila kukatisha sentensi, bado.

Kosa kubwa liko kwenye saa. Nafasi kati ya mikazo inahesabiwa tangu mmoja unapoanza mpaka unaofuata unapoanza. Mkazo umeanza saa 2:10 usiku, ukaisha 2:11, mwingine ukaanza 2:15: hiyo ni kila baada ya dakika 5, siyo 4. Urefu ni jambo jingine, huo ni tangu kukaza hadi kuachia. Andika safu mbili kwenye karatasi, ulioanza na ulioisha, mikazo sita mfululizo inatosha kuonyesha picha. Huna haja ya kuandika usiku kucha.

Kwa mimba ya kwanza isiyo na tatizo, toka nyumbani mikazo ikiwa kila dakika 5, kila mmoja ukichukua dakika 1, na hali hiyo ikidumu saa 1. Kama hospitali iko mbali au usafiri wa usiku ni wa kubahatisha, usingoje dakika 5. Ondoka ikifika 8 au 10 na ina mpangilio.

Bibi_Leba
MkungaZamu kamaliza kwenye mikazo, mimi niongeze maji, maana ndiyo yanayowachanganya wengi.

Watu wanategemea mwagiko wa ndoo. Kweli hutokea, lakini mara nyingi kichwa cha mtoto kinaziba kama kizibo, kwa hiyo yanatoka kidogo kidogo, nguo ya ndani inalowa, unabadilisha, inalowa tena. Mkojo una harufu yake kali na ukibana misuli ya chini unakatika. Maji ya chupa hayabaniki, na harufu yake ni hafifu au haipo. Ukiwa na shaka: kojoa umalize kabisa, jikaushe, vaa pedi safi, lala chali ukiwa umeinua mgongo kwa mto kwa nusu saa, kisha simama na ukohoe. Ukiwa umelala maji hukusanyika ukeni, ukisimama yanashuka. Pedi ikilowa, chukulia chupa imepasuka. Tumia pedi nyeupe ili uone rangi, na uende nayo, usiitupe.

Rangi ya kawaida ni kama maji au manjano hafifu, yanaweza kuwa na chembe nyeupe au waridi kidogo. Kijani au kahawia maana yake mtoto ameshapata choo tumboni, na hiyo ni kuondoka dakika hiyo hiyo, mikazo iwepo isiwepo, kwa sababu anaweza kuvuta uchafu huo kwenye mapafu na mapigo yake ya moyo yanahitaji kuangaliwa. Harufu mbaya ni dalili ya maambukizi.

Chupa ikipasuka bila uchungu, usikae nyumbani kungoja uchungu "ukolee". Takriban 6 kati ya 10 huanza uchungu wenyewe ndani ya saa 24, na hospitali inaweza kukuacha usubiri, ila uamuzi huo ni wao baada ya kukupima. Kila saa inayopita, vijidudu vina mlango. Kwa hiyo andika saa yalipoanza, usiingize kitu chochote ukeni, hakuna kujisafisha ndani kwa sabuni wala vidole, hakuna tendo la ndoa, na pima joto kila baada ya saa 4. Likigonga 38 waambie. Mwenye virusi vya UKIMWI au aliyeambiwa ana bakteria wanaohitaji antibiotiki wakati wa uchungu, huyo aende mara moja.

Kuna hatari moja ambayo ni adimu lakini haina subira: maji yakimwagika wakati mtoto bado yuko juu au amekaa vibaya, kitovu kinaweza kutangulia kutoka. Ukihisi kitu laini kama kamba ukeni, au ukikiona, usikirudishe ndani wala usikishikeshike. Piga magoti, kifua na uso vikiwa chini, makalio juu, ili kichwa cha mtoto kisikibane, na mtu mwingine apige simu ya dharura. Safari nzima ukae hivyo hivyo, au ulale ubavu wa kushoto na mito chini ya nyonga.

Tabibu_Taratibu
Swali la nne limerukwa na ndilo linaloua. Siyo kweli kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, kutoka mateke kwenda kujiviringisha na kusukuma kwa sababu nafasi imebana, lakini wingi haupungui, na hata ndani ya uchungu anaendelea kucheza. Ukihisi amepunguza, lala ubavu wa kushoto mahali pasipo kelele, uweke akili yako tumboni, uhesabu. Usipopata michezo 10 ndani ya saa 2, nenda hospitali hapo hapo, usingoje kupambazuke. Na kama moyo wako unakwambia mtindo wake si ule uliouzoea, usisubiri hata hizo saa mbili. Kunywa kitu cha sukari ili "kumwamsha" kunakupotezea muda tu.

Mengine ambayo hayangoji hesabu ya dakika 5:

Damu nyekundu inayotiririka kama hedhi. Ikitoka bila maumivu, huenda kondo limetangulia mlangoni. Ikija na tumbo gumu lisiloachia kabisa, huenda kondo limeanza kubanduka kabla ya mtoto kutoka. Wakati mwingine damu hujificha ndani na kinachoonekana nje ni kidogo, kwa hiyo tumbo gumu kama ubao lenye maumivu yasiyokatika ni dharura hata pedi ikiwa karibu kavu.

Kichwa kuuma sana, kuona nyota au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Hiyo ni presha ya mimba mpaka ithibitishwe vinginevyo. Presha ya 140/90 inahitaji kuangaliwa siku hiyo, ya 160/110 ni dharura, na hatua inayofuata ni degedege, yaani kifafa cha mimba. Wengi hudhani ni uchovu wa mimba kubwa, wanameza dawa ya maumivu na kulala.

Homa ya 38 kwenda juu. Na kuwashwa sana viganjani na nyayoni, hasa usiku, bila vipele: hiyo si dalili ya uchungu, huenda ni ini, inahitaji vipimo vya damu.

Mama_Kovu
Samahani kudandia uzi. Mimi ni mimba ya tatu, ya pili ilikuwa ya upasuaji, na nimeruhusiwa kujaribu kuzaa kawaida. Hiyo kanuni ya dakika 5 inanihusu?

MkungaZamu
Haikuhusu kabisa, mama, na umefanya vizuri kuuliza. Wewe una sababu mbili za kuwahi.

Ya kwanza, umeshazaa. Kwa mimba ya kwanza shingo ya kizazi huwa nyembamba kwanza ndipo ifunguke. Kwa aliyezaa, mambo hayo mawili huenda pamoja, na mikazo inaweza kubaki ya dakika 10 kwa muda mrefu kisha ikaruka hadi dakika 3 bila kupita katikati.

Ya pili ni kovu. Kwa mwenye upasuaji mmoja wa chini uliopona vizuri, kovu kuachia wakati wa uchungu hutokea kwa takriban 1 kati ya 200. Ni kidogo, lakini likitokea dakika zinahesabika, na ndiyo maana unatakiwa uwe mahali penye chumba cha upasuaji tangu mikazo inapokuwa na mpangilio, au chupa inapopasuka, chochote kitakachotangulia. Hofia maumivu ya kovu yasiyoachia kati ya mkazo na mkazo, mikazo mikali inayokatika ghafla, damu, au maumivu yanayopanda begani.

Wengine wasiohesabu dakika: mapacha, mtoto aliyetanguliza matako au aliyelala mkingamo, kondo lililoonekana chini kwenye picha, presha, kisukari, na kila aliye chini ya wiki 37. Huyu wa mwisho hasa asiseme "ni ile ya uongo tu". Mikazo yenye mpangilio kabla ya wiki 37 iangaliwe mara moja, kwa sababu zipo sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na zinafanya kazi vizuri zaidi zikichomwa mapema kabla hajatoka.

Nyota38
Asanteni mno. Nimefanya lile jaribio, mikazo imepoa baada ya kama dakika 40, kwa hiyo bado. Swali la mwisho: nikienda, nikaambiwa sentimita 2 au 3 nirudi nyumbani, ni sawa? Na nyumbani nifanye nini ili mambo yaende haraka?

Bibi_Leba
Ni sawa mara nyingi. Njia hufunguka hadi sentimita 10, na kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, uchungu uliokolea huhesabiwa kuanzia sentimita 5. Kabla ya hapo ni kipindi cha mwanzo, na hakina muda maalumu, kinaweza kuchukua saa kadhaa au siku nzima na zaidi kwa mimba ya kwanza. Baada ya 5, kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza na saa 10 kwa unaofuata. Ile kanuni ya zamani ya sentimita 1 kila saa imeachwa, usiitumie kujipima wala mtu asikutishe nayo.

Ila kabla hujakubali kuondoka, uliza: mapigo ya moyo wa mtoto yamesikilizwa (kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika)? Presha imepimwa? Chupa iko nzima? Mtoto ametanguliza kichwa? Majibu yakiwa mazuri, nyumbani ni pazuri kuliko benchi la wodini.

Nyumbani kazi yako ni kutunza nguvu. Wanaotembea usiku kucha "ili afunguke" ndio wanaofika muda wa kusukuma wakiwa hoi. Lala kati ya mikazo ikiwezekana, kula vyakula vyepesi kidogo kidogo, kunywa maji, kojoa kila baada ya saa 2 maana kibofu kilichojaa kinazuia kichwa kushuka. Kuoga maji ya uvuguvugu na kukandwa kiuno kunasaidia. Kwa maumivu, parasetamoli gramu 1, isirudiwe kabla ya saa 4 hadi 6, isizidi gramu 4 kwa siku, kama huna ugonjwa wa ini. Diklofenaki na ibuprofeni usiguse, zinaweza kufunga mshipa muhimu wa moyo wa mtoto kabla hajazaliwa.

Kuharakisha achana nako. Vidonge na mitishamba ya kuongeza uchungu vinafanya kizazi kikaze bila kipimo: mkazo juu ya mkazo, mtoto anakosa hewa, kizazi kinaweza kupasuka. Hospitali wakitumia dawa hizo hupima dozi na kusikiliza moyo wa mtoto muda wote, wewe nyumbani huna cha kusikiliza. Mafuta ya nyonyo yatakuharisha, ufike umeishiwa maji.

Na usisukume kwa sababu tu unauma. Kusukuma kabla njia haijafunguka yote kunakuchosha bure, na shingo ya kizazi inaweza kuvimba.

Tabibu_Taratibu
Niongeze la tarehe, kwa kuwa upo 38. Siku ya makadirio ni siku 280 tangu hedhi ya mwisho, na ni wachache sana wanaojifungua siku hiyo hiyo. Kuanzia 37 hadi kabla ya 42 yote ni muda wake. Kama hedhi yako haina mpangilio, iamini zaidi picha ya miezi mitatu ya kwanza kuliko ya mwishoni, maana ya mwishoni inaweza kupishana na ukweli kwa wiki mbili au tatu. Ukifika 41 bila dalili, uwe umeshazungumza nao kuhusu kuanzishiwa uchungu, usisubiri 42 ukute hakuna mpango.

MkungaZamu
Begi liwe karibu na mlango kuanzia leo: kadi ya kliniki juu kabisa, pedi, nguo za mtoto na kofia, kitambaa safi cha kumkaushia, chaja, nauli iliyotengwa, na namba za watu wawili wa usafiri, siyo mmoja.

Na kwa anayekusindikiza, asome hapa. Ukianza kuhisi haja kubwa inayokuja yenyewe kwa kila mkazo, mkundu unabanwa, sauti inabadilika kuwa ya kuguna, kutapika na kutetemeka kukizidi, mtoto yuko karibu kutoka. Kichwa kikianza kuonekana, gari lisimame, msikimbizane na barabara. Lala ubavu, hema kwa haraka kwa mdomo badala ya kusukuma kwa nguvu ili kichwa kitoke polepole. Anayepokea anawe mikono, asivute mtoto, amdake tu. Akitoka, mkausheni mara moja mwili na kichwa, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili. Asipolia, endeleeni kumkausha na kumsugua mgongo. Kitovu msikikate wala kukivuta, kondo likitoka lenyewe liwekwe kwenye mfuko mkaendelee nalo hospitali.